Nilimzibia njia mwanamke mwenzangu saiti

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo lenyewe nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe wala sikushikiwa fimbo na mtu, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukaa kimya mezani mpaka mume wangu akaniuliza kama meno yananiuma.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, ni fomeni kwenye kampuni ya ujenzi, yaani mimi ndiye ninayewapanga mafundi asubuhi, nani ajenge wapi, nani amwage zege, nani apande juu, na ukuta ukitoka umepinda anayeulizwa ni mimi, na kwa miaka yote ya kampuni ile hajawahi kuwepo fomeni mwingine mwanamke. Pale saiti wananiita Mama Timazi kwa sababu nilipokuwa fundi wa kuta nilikuwa siliamini jicho langu, kila baada ya kozi mbili za matofali, yaani mistari miwili, nateremsha timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma, na wenzangu wakicheka kwamba hata mume wangu lazima nilimpima kwanza kama amenyooka ndipo nikakubali posa. Nilianza kwa kubeba kokoto kwenye karai, mshauri, nimemwacha mtoto wa miezi minane kwa dada yangu, nikajifunza kushika mwiko kwa kuiba kwa macho wakati mafundi wanakula, nikaja kusoma chuo cha ufundi huku nasinzia juu ya daftari. Sijisifu, nataka tu ujue nimetoka wapi ili uone vizuri nimefika wapi.

Sasa miaka mitano iliyopita alikuja dada mmoja aliyekuwa akisuka nywele saluni, saluni ikafungwa, akaja kuomba kibarua cha kubeba maji, na mimi ndiye niliyempokea. Haukuisha mwaka nikamkuta amechuchumaa na mafundi wa nondo, ameshika koleo na waya, anafunga ringi za nguzo, zile pete za chuma zinazozibana nondo pamoja, haraka kuliko waliomfundisha, vidole vinakwenda vyenyewe na mdomo unazungumza mambo mengine kabisa. Wanaume wakampa jina la Msusi, maana nondo nazo tunasema zinasukwa, na mwanzoni lilikuwa jina la kumchokoza, “Msusi, leo unatusuka mtindo gani?” naye anajibu bila kuinua kichwa, “Leo nawasuka mtindo wa kutoangukiwa,” wakacheka mpaka uchokozi ukaisha likabaki jina. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma ramani. Tulikuwa tunakaa naye kwenye kile kibanda cha mabati tunachokiita ofisi, saa ya chakula cha mchana, wiki baada ya wiki, ramani imetandazwa mezani na kubanwa na vipande vya matofali isipeperuke, na alikuwa akiniita dada kwa namna ambayo hata wadogo zangu wa tumbo moja hawaniiti.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa tunajiandaa kumwaga zege la nguzo za ghorofa ya pili, lori la zege linakuja kesho yake, mhandisi yupo anakagua, Bosi yupo, yaani mkandarasi mwenyewe mwenye kampuni, na mafundi wote wamesimama. Nikasema nguzo ziko tayari. Msusi akainama kwenye nguzo ya kona, akahesabu kwa kidole, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, “Dada, hii ramani inataka ringi kumi na sita. Tumefunga kumi na mbili.”

Nikamwambia, “Kumi na mbili ndiyo sahihi, nimeangalia mwenyewe.”

Mhandisi akafungua ramani, akaweka kidole. “Kumi na sita. Yuko sahihi.” Halafu akamgeukia Bosi, “Huyu mtu wako amekuokolea nguzo.”

Hakuna aliyenicheka, mshauri, na hilo ndilo lililonichoma, maana kuchekwa nimekuzoea na majibu ninayo, lakini siku ile waliniangalia kwa huruma. Msusi alinifuata baadaye na chupa ya maji, akaniambia, “Dada, sikutaka kukuaibisha. Niliogopa zege likishamwagwa hatutaziona tena.” Nikamwambia hakuna shida. Nikayanywa maji yake.

Wiki mbili baadaye Bosi akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akasema, “Tumepata kazi ya zahanati. Nataka msaidizi wa fomeni kule, hasa wa kusimamia nondo na zege. Mhandisi anamtaja yule dada yenu. Wewe unamjua zaidi. Unasemaje?”

Nikasema, na nakuandikia kama nilivyosema, “Kazi anaijua, Bosi. Ila ana mtoto mdogo, na kule ni mbali. Leo mtoto ana homa, kesho mtoto ana homa. Sidhani kama tunaweza kumtegemea.”

Bosi akatikisa kichwa kwa kukubali, akaandika kitu, akauliza habari za fundi mwingine, nami nikamsifu huyo mwingine.

Mtoto wa Msusi ana miaka sita na analelewa na bibi yake. Katika miaka mitano Msusi amekosa kazini siku mbili. Tena maneno yale sikuyatunga, niliambiwa mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, na bosi wa kampuni nyingine nilipokuwa kijana, nikaenda kulia nyuma ya rundo la mchanga, na nilipoyatamka nilisikia kabisa kwamba nayafahamu, na bado nikayamaliza.

Nafasi akapewa fundi tunayemwita Redio, kwa sababu akifika asubuhi hazimi mpaka jioni. Si mtu mbaya, kuta zake nzuri, ila ramani zinamchanganya, kwa hiyo kila mchana anazipiga picha na kumtumia Msusi kwenye simu, na mimi namwona kwa macho yangu yule dada amekaa juu ya rundo la mbao, mkono mmoja unakula, mwingine unakuza picha, anamwambia, “Hapana kaka, hiyo siyo unene wa nondo, hiyo ni nafasi kati ya nondo na nondo.” Yaani kazi anaifanya, cheo anacho mwingine. Siku moja Msusi akaja ofisini kwangu akasimama mlangoni, akasema, “Dada, ile nafasi niliitamani. Kama kuna mahali nimekosea niambie, nijirekebishe.” Nikamwambia avumilie, zamu yake itafika. Akanishukuru.

Ijumaa iliyopita ameniambia mwisho wa mwezi anaacha kazi, kuna rafiki yake anafungua saluni. Na juu ya hilo, chuo kile kile nilichosoma kimenialika Alhamisi ya wiki ijayo nikazungumze na mabinti wanaosomea ujenzi, habari za mwanamke kuongoza, wamebandika hadi picha yangu ukutani nimevaa kofia ya kazi nimekunja mikono, nikiitazama nahisi kama namtazama mtu aliyeniibia nguo.

Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na hapendi makelele, amesema, “Hukuiba, hukuua. Kazini kote mambo hayo yapo. Nyamaza, aende saluni kwake, utasahau.” Labda amesema kweli. Nikimwambia ukweli yule dada atanichukia, Bosi ataniona mwongo, na wale wanaume wanaopenda kusema wanawake hawapendani watapata wimbo. Kwa nini nilifanya, nimejiuliza sana, na jibu ninalo ila linanitia aibu: nilipenda kuwa peke yangu. Nimezoea mgeni akiingia saiti anauliza “Yuko wapi yule mama?” na hakuna haja ya kusema mama yupi.

Niseme au ninyamaze?

Fomeni asiyelala vizuri

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza ujue kwamba majina ya utani nimeyabadilisha yote, na mambo mawili matatu mengine, ili mafundi wenzako wakilisoma gazeti wakati wa chai wasianze kutazamana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika, na nakujibu nikiwa navyo vyote viwili.

Huruma yangu ni hii. Umefanya kazi miaka mingi mahali ambapo mwanamke alikuwa mmoja tu, na mtu akiishi hivyo muda mrefu huanza kuamini kwamba kiti kilikuwa kimoja na akisogea kidogo ataanguka. Hilo nalielewa. Najua pia kwamba kusahihishwa mbele ya watu na mtu uliyemfundisha wewe kunauma, na anayesema hakuumi hajawahi kufundisha mtu. Huruma yangu imeishia hapo.

Sasa nisikilize. Umeniandikia kurasa nne kwa mwandiko mzuri kabisa. Nimetafuta humo mahali ulipouliza hali ya yule dada, sikupaona. Umeuliza atakuchukia au vipi, Bosi atakuonaje, wanaume watasemaje, hata habari za mumeo umeniletea. Mtu ambaye maisha yake yamegeuzwa na sentensi zako tatu umemtaja pale anapokusumbua roho tu. Mama mzima! Ulimwona anafanya kazi ya cheo ulichomnyima, chakula mkononi, ukapita.

Na hilo la wanaume kusema wanawake hawapendani usijifichie. Wanaume wangapi hapo hapo saiti wamewekeana vizingiti, wakasemana kwa bosi, wakanyimana nafasi? Umewahi kusikia mtu akihitimisha kwamba wanaume hawapendani? Ulichokifanya umekifanya wewe, siyo wanawake. Kibebe peke yako, usitugawie.

Mumeo ni mtu mwema anayetaka kula chakula chake kwa amani. Mshukuru, usimfuate.

Utasema. Na utaanzia kwa Bosi, siyo kwa yule dada. Wengi hukosea hapo: wanakimbilia kwa waliyemkosea, wanalia, wanapumua, wanarudi nyumbani wepesi, na aliyekosewa anabaki na habari mbaya mkononi na nafasi bado hana. Wewe ni mjenzi. Ukuta ukipinda huanzi kumbembeleza mwenye nyumba, unabomoa sehemu iliyopinda. Nenda ofisini kwa Bosi na daftari la mahudhurio, umwambie hivi: “Nilikuambia huyu dada hategemewi. Nilisema uongo. Katika miaka mitano amekosa siku mbili, hizi hapa.” Kisha ufunge mdomo. Usimweleze ulivyoumia siku ya zile ringi, hakukuajiri kwa ajili ya hilo. Akiuliza kwa nini ulidanganya, mjibu kwa ufupi kama ulivyonijibu mimi mwishoni mwa barua, maana pale ndipo pekee ulipoandika bila kujipamba. Redio usimguse. Yeye alipewa kazi akaipokea, na anayeomba msaada anapokwama ananishinda hata mimi.

Siku hiyo hiyo, usiku usipite katikati, mwendee yule dada. Mchana, kazini, mkiwa mmesimama. Mwambie ulichosema, ulikisema wapi, na kwamba umeshakwenda kukifuta. Mwambie umemkosea. Basi. Usilie, tafadhali, kwa sababu ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, ninavyomwona, na hapo utakuwa umemchukulia kitu mara ya pili. Usimwombe akusamehe pale pale, msamaha siyo risiti. Usimpelekee zawadi. Wala usimsihi abaki kwenye ujenzi. Saluni ni kazi halali, na akiichagua aichague akijua kwamba hakuna mahali alipokosea, siyo kwa kudhani kuna upungufu ndani yake ambao wakubwa wanauona yeye hauoni. Ulimwachia dhana hiyo alipokuja kukuuliza mlangoni, na kwangu mimi hilo ni baya kuliko hata maneno uliyomwambia Bosi.

Akikasirika, mwache akasirike. Zile hasira ni mali yake.

Kuhusu chuo: kama Alhamisi itafika hujafanya haya mawili, wapigie watafute mtu mwingine, picha wataibandua. Kama umeyafanya, nenda. Lakini wale mabinti usiwapelekee hotuba ya “mnaweza, mnaweza”. Kwamba wanaweza wanajua, ndiyo maana wako pale. Waeleze habari ya kumi na mbili na kumi na sita, bila kumtaja mwenzako. Waambie siku mdogo wao kazini atakapowasahihisha mbele ya bosi na mhandisi, na itafika, maneno ya kusema ni mafupi: “Ahsante. Ongezeni nne.” Wayafanyie mazoezi mapema kama wanavyofanya mazoezi ya kupanga matofali, kwa sababu siku yenyewe ikifika koo hukauka.

Nenda kaseme. Kisha uniandikie, hata mistari mitano.

*

Mshauri, shikamoo. Nimeandika zaidi ya mistari mitano, univumilie. Zimepita wiki saba.

Nilikwenda kwa Bosi na daftari kama ulivyosema. Alisikiliza mpaka mwisho, akalifunga daftari, akaniuliza, “Na mengine uliyoniambia kuhusu watu miaka yote hii, yapi ni ya kweli?” Nikamwambia ni ya kweli yote isipokuwa hilo. Akasema sawa. Lakini tangu siku hiyo nikimpa taarifa ya fundi yeyote anampigia mhandisi kuulizia pia, na mimi nakuwepo pale nasikia anavyompigia.

Yule dada nilimkuta anasuka nondo za boriti. Nikamwambia yote nimesimama. Aliendelea kufunga, akafunga ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaweka koleo chini. Akasema, “Miezi miwili najiuliza nimekosa nini. Nilianza kufika saa kumi na mbili asubuhi ili nionekane.” Akaniuliza, “Ni kwa sababu ya zile ringi?” Nikasema ndiyo. Alinitazama kidogo. “Nimekusikia,” akasema, na akaokota koleo. Nilikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji, na huko nililia, samahani, hukunikataza huko.

Saluni hakwenda. Bosi alimwita yeye mwenyewe, wakazungumza, sikuambiwa nini, na wiki iliyofuata akahamia kule kwenye zahanati kuwa msimamizi wa nondo na zege. Redio amebaki kule kule na kuta zake, na anamwambia kila anayepita kwamba tangu wamtue ule mzigo wa ramani amenenepa. Siku ya kuondoka yule dada aliwaaga mafundi wote kwa mkono, mmoja mmoja, na alipofika kwangu akanipa mkono pia, akasema, “Kwaheri, fomeni.” Kwa miaka mitano alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nilijibu kwaheri.

Chuo nilikwenda. Niliwaeleza kama ulivyosema, halafu binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akauliza, “Na huyo mwenzako, sasa mnaelewana?” Nikamwambia sijui. Nadhani jibu hilo hawakulitegemea, lakini waliliandika.

Juzi mchana simu ikaita, ni yeye. Hakuuliza hali ya nyumbani wala nini. Alisema, “Yule mwenye lori la zege anatuchelewesha mpaka jua linakuwa kali. Wewe ulikuwa unambana vipi?” Nikamwambia usimpigie yeye, mpigie dereva wake alfajiri, na umwambie madereva wenzake wameshafika hata kama hawajafika. Akacheka kidogo sana, kama mtu aliyejisahau. Akasema ahsante, akakata. Dakika tatu hazikutimia. Tangu hapo simu naishika mkononi, nataka nimpigie nimuulize kama lori lilifika. Nimpigie?

*

Usimpigie, mwanangu. Lori lifike au lisifike, zege ni lake na dereva ni wake. Alikutafuta kwa sababu kuna jambo la kazi unalolijua naye anataka kulijua, na kwa hali yenu ya sasa hicho ni kitu kikubwa, kisichohitaji kusukumwa. Weka simu mfukoni ufanye kazi. Akipiga tena, pokea, mjibu alichokuuliza, na umwache akate yeye.